Mtamba Aliyepita Mchana

Watu wa Rhotia wamezoea kuona wazungu wenye mvi wakishuka kwenye magari ya kanisa, mume na mke, wamekuja kutuhudumia. Wanakaa miaka michache, wanajifunza kusalimia, wanapanda miti, kisha wanarudi kwao. Hawakuzoea kuona wazee wao wenyewe wakifunga mizigo kwenda kuwahudumia wazungu. Kwa hiyo Jumapili ile mume wangu aliposimama mbele ya usharika na kutangaza kwamba mimi na yeye tumeitwa Ujerumani, na tumekubali, mzee mmoja wa kanisa alicheka. Alidhani ni utangulizi wa mahubiri.

Mume wangu alikuwa mchungaji aliyestaafu. Mimi nilikuwa mkunga, na kati ya watu walioketi kwenye mabenchi yale wengi nilikuwa nimewapokea kwa mikono yangu. Tulikuwa na shamba la mahindi na maharage, ng'ombe wa maziwa, na watoto waliokwisha kujitegemea. Kanisa la kule, ambalo ni rafiki wa kanisa letu tangu enzi za wazee wetu, lilitafuta watu wazima wawili: mchungaji wa kuwahudumia Waafrika wanaoishi katika mji wao, na mtu wa kukaa na wazee wao kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Walisema hawataki vijana. Walitaka watu wanaojua uzee ni nini.

Kijana wetu wa kwanza, ambaye ni dereva wa watalii mjini Karatu, alilipokea jambo hilo vibaya. Alikuja nyumbani na gari lake la kazi, akaliacha linaunguruma nje kama mtu asiyekusudia kukaa, akasema watu watafikiri ametufukuza. Alisema umri wetu ni wa kupikiwa chai, si wa kwenda kuwaogesha watu wa mbali. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia azime gari, mafuta yanaisha.

Mama yangu ndiye aliyenipa shida zaidi. Alikuwa anaishi Mbulumbulu, kwenye boma alimozaliwa kijana wake wa mwisho, ambaye ndiye aliyemtunza. Alikuwa mzee sana, mwembamba kama ufito, lakini akili yake haikupotea popote. Nilipomweleza habari ya safari aliniuliza kama hao wazungu hawana watoto wa kuwatunza. Nikamwambia wanao, ila watoto wanaishi mbali.

"Basi ni kama unavyotaka kunifanyia mimi," akasema.

Tulichofanya, mimi na mume wangu, ni kuweka sharti. Tuliwaandikia wenzetu wa kule kwamba tutakuja, lakini kila mwaka wakati wa mavuno turudishwe nyumbani kwa likizo, na likizo hiyo isiguswe. Walikubali. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba maharage yake yatahitaji mtu wa kuyachambua, na kama nitakuwepo nitakuwepo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza maisha ya miguu miwili. Mji tuliopelekwa ulikuwa na mto katikati na kengele za kanisa zilizolia kila robo saa, na mwanzoni nilishtuka kila zilipolia kwa sababu kwetu kengele ikilia ovyo ujue kuna msiba. Mume wangu aliongoza ibada ya Kiswahili mchana, baada ya wenyeji kumaliza yao. Mimi nilikwenda kila siku kwenye ile nyumba ya wazee. Kijerumani changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kazi ya kumsaidia mtu kuvaa soksi haihitaji maneno mengi. Kila Jumapili jioni tulikaa mbele ya simu na kuwaona wa nyumbani. Mjukuu wetu alibatizwa tukiwa kule; niliona maji yakimwagwa kichwani mwake kwenye kioo kidogo kama kiganja, picha ikakwama palepale, na nikabaki nikiangalia tone lililoganda hewani mpaka mtandao uliporudi na mtoto ameshakaushwa.

Katika nyumba ile kulikuwa na bibi mmoja mrefu, mjane wa mwokaji mikate, aliyekuwa akificha mkate chini ya godoro. Wahudumu walimkemea, wakabadilisha mashuka, kesho yake mkate ukawepo tena. Mimi sikujua la kumwambia, kwa hiyo nilikaa naye. Nilimshika mkono na kumfumia soksi, siku baada ya siku, saa tisa wakati wa kahawa yao. Siku moja akaanza kusema, polepole, ili nielewe, jinsi alivyokuwa mtoto wakati wa vita, jinsi walivyoliacha shamba lao na kutembea kwenye theluji na mama yake, na jinsi njaa ilivyokuwa. Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakuacha kuficha mkate baada ya hapo, lakini aliacha kunificha mimi. Nilimwambia mume wangu kwamba nimetoka mbali sana kuja kujifunza kukaa kimya, na yeye akasema wapo wachungaji ambao hawajajifunza hilo mpaka leo.

Mwaka wetu wa pili ulikuwa unakaribia mavuno wakati binti yetu wa mwisho alipopiga simu siku isiyo ya Jumapili. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ngorongoro, ndani ya hifadhi, upande wa Nainokanoka. Alitusalimia kwa heshima kupita kiasi, nikajua kuna jambo. Alisema amepata mchumba. Ni mtaalamu wa mifugo, mtu wa kanisa, mtoto wa wenyeji wa hukohuko. Mmaasai.

Mume wangu alitabasamu. Alimfahamu kijana huyo kwa picha, na alikuwa ameshahisi. Lakini binti hakuwa amemaliza. Washenga wa upande wa kijana walikuwa wamefika Mbulumbulu kusalimia wazee wa ukoo, kwa adabu zote, wakiwa wamebeba asali. Bibi yake, yaani mama yangu, aliwatazama mashuka yao mekundu, akanyanyuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Asali ile alikataa isiingizwe nyumbani. Aliwaambia wajomba kwamba akiwa hai hakuna mtoto wa tumbo lake atakayevuka kwenda kwa watu wale. Wajomba wakaogopa. Wakasema bila baraka ya bibi hakuna kikao cha posa.

"Mama," binti akaniambia, "mimi sitamkimbia bibi. Lakini na huyu sitamwacha."

Likizo yetu ilikuwa wiki chache tu, na ilikuwa ndiyo hiyo moja kwa mwaka. Jambo lisipotengenezwa ndani yake, lingesubiri mavuno mengine, na mama yangu hakuwa mtu wa kuhesabiwa mavuno mengine. Usiku wa kuamkia safari mume wangu alipanga vitabu vyake. Niliona amechagua mistari ya Maandiko ya kumsomea mama, juu ya Ruthu na watu wa mataifa. Nilimwomba aviache. Nikamwambia mama yangu ameisikia hiyo mistari miaka mingi kuliko yeye alivyoihubiri. Alifikiri kidogo, akaviweka vitabu rafuni.

Tulipotua, kijana wetu alitupokea. Njiani, tulipokuwa tukipanda kutoka Mto wa Mbu, alitueleza kwamba na yeye haafiki. Hana ugomvi na kijana mwenyewe, alisema, ila hataki kumzika bibi kwa sababu ya harusi. Nilimwambia asitangulie kumzika mtu.

Nilikwenda kwa mama asubuhi iliyofuata. Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, maharage yamelundikwa kwenye turubai mbele yake. Nyuma ya boma shamba linapanda mpaka kwenye msitu, na huo msitu ndio mpaka: ng'ambo yake ni Ngorongoro. Tembo hutoka humo kula mahindi yetu. Mama alinitazama kama nimetoka dukani, akanisukumia ungo wa pili.

Sikusema neno juu ya harusi. Nilichambua maharage. Kesho yake nikarudi, na siku iliyofuata, na nyingine. Tulizungumza Kiiraqw, habari za mvua, za ng'ombe aliyetupa mimba, za nani amekufa. Nilimweleza juu ya wazee wa kule, na yule bibi wa mkate. Hilo lilimgusa. Aliniuliza kama walinyang'anywa shamba, nikasema ndiyo, wote walikimbia. Akauliza kama walirudi. Nikasema hawakurudi.

Akachambua kwa muda. Halafu, bila kunyanyua uso, akaanza.

Alikuwa msichana mdogo, wa kuchunga ndama. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya kuchimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo limeota majani, kiasi kwamba mgeni angeweza kutembea juu yake asijue anatembea juu ya watu. Nyumba hizo zilijengwa hivyo kwa ajili ya Wamaasai waliokuja kuchukua ng'ombe. Asubuhi moja kabla ya jua kukolea walisikia vishindo. Mama yake alimziba mdomo kwa kiganja. Walilala kifudifudi gizani, na juu ya vichwa vyao walisikia kwato za ng'ombe wao zikiondoka, na ng'ombe mmoja akilia kwa sauti waliyoijua. Zilipotulia, kaka yake mkubwa alitoka na upinde, akafuata nyayo kuelekea msituni. Mama yake alimpikia uji ili akirudi aukute. Uji ulipoa. Kaka yule hakurudi, na mwili wake haukuonekana.

"Nimeishi chini ya msitu ule maisha yangu yote," mama akasema. "Kila asubuhi nafungua mlango nautazama. Hakuna aliyewahi kuniuliza natazama nini."

Nililia. Yeye hakulia. Nilipoweza kusema nilimuuliza anataka nini. Sikumuuliza kuhusu binti yangu. Nilimuuliza yeye, anataka nini.

"Nataka kuona nyayo zilikokwenda," akasema.

Nilirudi Rhotia na kumwambia mume wangu. Alikaa kitandani akavua miwani. Alisema hicho ni kitu tunachoweza kukifanya, na kwamba afadhali tungelikifanya miaka arobaini iliyopita. Kijana wetu alipoelezwa hakubisha. Alikwenda kuomba gari kwa bosi wake, lile lenye paa la kufunguka linalopeleka watalii bondeni, akaliosha mwenyewe.

Mama alivaa kitenge kipya na koti la marehemu baba. Aliketi kiti cha mbele, na tulipofika lango la hifadhi alitoa kitambulisho chake cha taifa kabla hajaombwa, akakishikilia juu ili askari akione vizuri. Kutoka hapo barabara inapanda ndani ya msitu, inazunguka na kuzunguka, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, miti inatokea ghafla na kupotea, imening'iniwa na majani marefu ya kijivu. Mama alikuwa akitazama chini, kwenye udongo mwekundu kando ya barabara. Nilijua anatafuta nini.

Tulipofika juu, pale watalii wanaposimama kupiga picha, hapakuonekana kitu. Weupe mtupu. Kijana wetu alisema tusubiri. Tulikunywa chai ya chupa tukiwa ndani ya gari. Kisha upepo ukaja kutoka chini, ukungu ukapasuka, na bonde lote likafunguka mbele yetu: ziwa, nyasi za dhahabu, makundi ya wanyama kama pilipili manga iliyomwagwa. Mama alizaliwa nyuma ya msitu ule, amezeeka nyuma ya msitu ule, na hakuwahi kupaona. Alitaka kushuka. Tulimshika huku na huku mpaka ukingoni. Watalii walimpisha.

"Ni pazuri," akasema, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa. "Sikujua ni pazuri."

Nyumbani kwa mchumba tulisubiriwa, na binti yetu alikuwa ameshafika kutoka shuleni kwake. Boma lao liko kwenye uwanda wa juu wenye baridi, na wanaume walikuwa wamesimama nje na mablanketi yao. Watoto walituinamishia vichwa tuwaguse, na nilimwona mama akisita, mkono hewani, kisha akagusa kichwa cha kwanza, na cha pili. Mchumba wa binti yetu alikuja mwisho, mtu mzima na digrii yake, akainama kama wale watoto. Mama alimwekea mkono kichwani akamtazama binti yangu.

Aliyekuwa akimsubiri mama hasa ni bibi wa kijana, mzee kama yeye, masikio yake marefu yamejaa shanga, macho yameanza ukungu. Aliomba waketishwe pamoja ndani ya nyumba, karibu na moto. Mama hakujua Kimaasai, na yule bibi hakujua Kiiraqw, na Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha sokoni tu. Kwa hiyo tulikaa wanne: mama akisema na mimi, mimi nikisema Kiswahili, binti yangu, aliyejifunza Kimaasai kwa wanafunzi wake, akimfikishia bibi. Mume wangu na kijana wetu walibaki nje na wanaume.

Mama hakupoteza muda. Alieleza asubuhi ile, kwato, ng'ombe aliyelia, kaka, uji. Alieleza bila kukunja uso, kama anayeeleza njia. Binti yangu alisimama katikati ya kutafsiri akanitazama, maana hakuwahi kuisikia habari hiyo. Nilijiandaa kusikia mambo ambayo watu husema: kwamba ni zamani, kwamba walikuwa watu wengine, kwamba vijana wetu nao walivuka msitu na kuchukua ng'ombe wao, jambo ambalo ni kweli.

Yule bibi hakusema hayo. Alinyoosha mkono mpaka akalipata goti la mama yangu.

"Mimi nilikuwa mtoto," binti yangu alitafsiri. "Ng'ombe walifika hapa kutoka kwenu, na watu waliimba. Nilipewa maziwa yao nikanywa. Siwezi kukuambia sikunywa. Kuhusu kaka yako, sijui. Ningejua ningekuambia."

Moto ulikuwa ukitoa moshi. Mama alisema neno moja la Kiiraqw ambalo ni la kumshukuru mtu aliyekupa kitu mkononi. Sikulitafsiri, lilieleweka. Halafu wakakaa hivyohivyo, mkono juu ya goti, na sisi wawili tukawa hatuna kazi.

Walipotoka nje, bibi wa kijana alimwita mwanawe wa kiume na kusema naye kwa kifupi. Tukapelekwa zizini. Alichagua kwa kupapasa, kwa sababu macho yake hayakumtosha: mtamba mwenye rangi ya majivu na doa jeupe pajani, mnene, mpole. Alisema huyu hatoki kwenye mahari. Mahari watajadili wanaume. Huyu ni wa bibi kwa bibi. Na kwa desturi yao, wanaopeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina, wanaitana Pakiteng. Alimwambia mama alitamke. Mama alilitamka vibaya, na wote wawili wakacheka, meno hayapo.

Mchumba alisema atashughulikia chanjo na kibali cha kumsafirisha, kisha amlete kwa lori, jioni, wakati barabara imetulia.

Mama alikataa. Alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, ili wasikie wote. "Aletwe mchana. Apite barabarani, watu wamwone. Ng'ombe nimewasikia wakija huku. Nataka kumwona mmoja akienda kule."

Wazee wa boma lile walitazamana, kisha mmoja wao akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema huyu mama amesema.

Siku ilipofika lori aina ya Canter lilimshusha mtamba kwenye njia panda ya Rhotia, kwenye lami, mchana jua likiwa kichwani. Mchumba alikuja pamoja na wazee wa kwao na wadogo zake, wote wamevaa mashuka mapya. Mama alikuwepo tangu asubuhi. Tulimwandalia kiti ndani ya gari la kijana wetu ili awafuate nyuma, lakini alichukua fimbo yake akasimama mbele ya mtamba.

Habari ilikuwa imeshaenea, sijui ilipita wapi. Bodaboda walizima pikipiki. Wenye maduka walitoka. Tulipoiacha lami na kuanza kupanda kuelekea Mbulumbulu, watu walikuwa wamejipanga kando ya mashamba, wenye majembe na wenye watoto mgongoni, na wazee waliokuwa wakilifahamu jambo hili kwa undani walivua kofia. Mwanzoni hapakuwa na kelele. Wamaasai wakitembea mchana na ng'ombe kuelekea Mbulumbulu, na mbele yao bibi kizee wa Kiiraqw na fimbo: watu hawakujua waseme nini. Kisha mwanamke mmoja, jirani ya mama, akapiga kigelegele. Mwingine akajibu kutoka ng'ambo ya shamba la ngano. Baada ya hapo hakikukatika. Kila tulipofika kilitutangulia, kikapanda kilima mbele yetu.

Mama alitembea sehemu kubwa kuliko tulivyodhani. Alipochoka alikubali kupanda gari, lakini kijana wetu alimwachia mume wangu usukani, akafungua paa, akamsimamisha juu ya kiti kama mtalii huku akimshika kiuno, na hivyo ndivyo alivyoingia kijijini kwake, akipunga mkono. Nilimtazama kijana wangu akilia mchana kweupe na hakujaribu kujificha. Nyumbani, mama aliagiza ile asali iliyokataliwa iletwe. Mdogo wangu alikuwa ameihifadhi kwa jirani. Mama alichovya kidole akaonja, akasema ni nzuri, kisha akawaambia wajomba waitishe kikao chao.

Kikao kilikwisha haraka kuliko kikao chochote cha posa nilichowahi kukiona, na harusi ilifungwa Rhotia kabla likizo yetu haijaisha. Mume wangu alitaka kuwa baba wa bibi harusi na mchungaji kwa pamoja. Alimsindikiza binti mpaka madhabahuni, akamwachia, kisha akazunguka, akavaa joho na kusimama mbele yao. Alipofika kwenye kuuliza ni nani anayemtoa mwanamke huyu, alikwama, kwa sababu jibu lilikuwa yeye. Usharika ulisubiri. Mama yangu, aliyeketi mbele karibu na Pakiteng wake, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Namtoa mimi." Mume wangu aliinamisha kichwa akaendelea.

Nje ya kanisa kwaya ya vijana wa Ngorongoro ilianza kuruka, vijana wetu wakaingia na ngoma yao, kila upande ukijaribu kuuzidi mwingine, mpaka vumbi likatufunika na ikawa haijulikani nani anacheza cha nani. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote na ninaijua furaha ya mtu aliyesubiri kwa maumivu. Siku ile niliiona kwenye nyuso za umati mzima.

Usiku wa harusi mume wangu aliniambia jambo ambalo na mimi nilikuwa nikilifikiri. Tungeweza kuwaandikia wenzetu wa Ujerumani kwamba imetosha. Mama alikuwa amezeeka, binti ameolewa, mjukuu anakua bila sisi. Wangetuelewa. Tulikubaliana tumweleze mama kwanza.

Tulimkuta kwenye maharage. Alisikiliza, akamuuliza mume wangu kama wale wazee wa kule wamepata watu wengine wa kukaa nao. Mume wangu akasema bado.

"Basi mnafanya nini hapa?" akauliza. "Mimi nina watu. Nina ng'ombe. Nendeni mmalize kazi yenu."

Jumapili ya mwisho alikuja mwenyewe kanisani. Mchungaji kijana alituita mbele, akaomba wazee waje watuwekee mikono. Mama alinyanyuka wa kwanza. Mikono yake ilikuwa mikavu na miepesi, na sijawahi kubebeshwa kitu kizito kama hicho nikasimama wima kiasi kile. Tuliondoka siku iliyofuata. Tulikaa muda wetu wote, kisha tukaongeza mwaka mmoja tulioombwa, na kila mavuno tuliporudi, binti yetu na mumewe walikuwa wameshatutangulia Mbulumbulu, wameketi uani na ungo mapajani.